Masaa 48 ni ya kila mutu

Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana wa Bukavu, siku ya Mungu, tarehe 24 Novemba 2024



Tunajua namna mulifika hapa. Wengine mulishuka Kadutu na miguu kwa sababu pesa ya moto haikuwa. Wengine mulitoka Panzi na Bagira, mvua ikawapiga njiani. Sisi tuliowaalika hatuko na mali kuliko ninyi. Karibu wote tuko na diplome, na karibu wote hatuna kazi. Kuko mwenye lisansi ya sheria anayeuza kredi ya simu Nyawera. Kuko mwenye lisansi ya uchumi anayesaidia mama yake kuuza sambaza. Kwa hiyo hatukuja kuwafanyia masomo. Tulikuja kuwaambia jambo moja lililotupata mwaka huu, jambo la haya kwetu, na namna lilibadilisha mawazo yetu juu ya neno hili tunalolisema kila siku: udikteta.

Kwanza tuangalie tarehe. Leo ni 24 Novemba. Siku kama ya leo, mwaka 1965, Mobutu, mukubwa wa jeshi, alikamata utawala Kinshasa. Alisema wanasiasa waliharibu inchi kwa miaka mitano, na yeye anaomba miaka mitano ya kuitengeneza. Ile mitano ikazaa 32. Alitoka mwaka 1997, na wengi wetu tulio hapa tulikuwa hatujazaliwa.

Watu wanafikiri Mobutu alitawala na bunduki tu. Lakini alitawala na kura pia, na hapo ndipo tunaomba mutege masikio. Mwaka 1967 kulikuwa referandumu, na katiba mupya ikapita. Katiba ile iliruhusu vyama viwili. Kikaonekana kimoja tu, MPR. Mwaka 1970 wakachagua rais: mutu mumoja, karatasi za rangi mbili. Ya kijani ilikuwa ya tumaini, nyekundu ilikuwa ya fujo. Wewe mwenyewe fikiri, unaingia pale, askari anakuangalia, unanyoosha mukono kwa ile nyekundu? Hesabu ya Leta ilisema inchi nzima waliokataa walikuwa watu 157. Ule mwaka haujaisha, katiba ikabadilishwa, MPR ikakuwa chama pekee. Kisha ikasemwa kama kila mwanainchi ni wa MPR tangu kuzaliwa. Wazazi wetu waliimbishwa na kuchezeshwa mbele ya wakubwa, mutu mwenye njaa anapiga makofi.

Sasa tufikiri wale 157. Hata kama tunakubali ile hesabu, wale watu walikuwa raia. Nani alikuwa anawalinda? Wengi walikuwa wamesema ndiyo, na ile ndiyo ya wengi ikafunga mulango kwa wale wachache, kisha ikafunga mulango kwa wote. Kama demokrasia ni kuhesabu mikono tu, basi Mobutu alikuwa mwanademokrasia mukubwa wa Afrika. Mikono alikuwa nayo.

Ndiyo maana katiba tuliyo nayo leo iliandikwa namna ingine. Tarehe 18 na 19 Desemba 2005, wazazi wetu walipanga mustari. Wengi wetu tulikuwa na miaka sita, saba, tukishika kitenge cha mama. Inchi nzima, karibu asilimia 84 walisema ndiyo, na huku kwetu Kivu watu walisema ndiyo zaidi sana, kwa sababu tulikuwa tumechoka na vita. Tarehe 18 Februari 2006 ikakuwa sheria. Kwa hiyo mutu akikuambia ile katiba ni ya wageni, umuulize kwa upole: mama yangu ni mugeni wa wapi?

Munajua mazungumzo ya siku hizi. Tarehe 23 Oktoba, pale Kisangani, Rais wa Jamhuri alitangaza kama mwaka kesho kutakuwa tume ya kutengeneza katiba inayofaa inchi yetu. Tangu siku ile, kila redio, kila basi, kila kikao cha pombe ni katiba tu. Wengi wanasema: anataka muhula wa tatu. Wengine wanasema: hapana, anataka tu kurekebisha. Sisi hatuingii ndani ya roho ya mutu. Tunasoma karatasi.

Karatasi inasema hivi. Kifungu cha 70: rais anachaguliwa kwa miaka mitano, anaweza kurudi mara moja tu. Kifungu cha 219: katiba haiwezi kubadilishwa wakati wa vita, wakati wa hali ya dharura, wala wakati wa ule utawala wa kijeshi tunaouita eta de sieje. Wandugu, Kivu ya Kaskazini na Ituri ziko ndani ya eta de sieje tangu tarehe 6 Mei 2021. Miaka mitatu na nusu. Hapo tu tungeweza kufunga mukutano na kwenda nyumbani.

Lakini kuko kifungu cha 220, na hicho ndicho kilitufanya tuwaite. Wote tunakijua kwa sehemu ya kwanza: hesabu ya mihula ya rais na urefu wake haziguswi. Juu ya sehemu hiyo watu walikufa. Mukumbuke Januari 2015, wakati walitaka kuchelewesha uchaguzi kwa kuhesabu kwanza watu wa inchi nzima. Vijana waliingia barabarani Kinshasa, Goma, hapa Bukavu, na Seneti ikaondoa ile sentensi. Mukumbuke Desemba 2016, muhula ulikwisha lakini mwenye kiti hakuamka. Uchaguzi ulikuja Desemba 2018, na katikati hapo kulikuwa damu na gereza.

Sehemu ya pili ya kifungu cha 220, nani anaijua? Sisi wenyewe tulikuwa hatuisemi. Inakataza kabisa kubadilisha katiba kwa namna itakayopunguza haki na uhuru wa mutu. Imeandikwa haki za mutu. Haikuandikwa haki za wengi, wala za chama, wala za kabila. Hata kama kesho milioni makumi wanainua mikono, kuko vitu hawawezi kukuondolea wewe uliye peke yako.

Kati ya vitu hivyo kuko kifungu cha 18. Tukisome polepole, kwa Kiswahili chetu. Mutu akikamatwa, wamuambie palepale sababu ya kumukamata, kwa luga anayoisikia. Wamuambie haki zake. Aruhusiwe kuzungumza na jamaa yake au na avoka wake. Na masaa 48 yakiisha, wamuachilie ao wamupeleke mbele ya wenye sheria. Masaa 48. Siku mbili kamili. Na kifungu cha 17 kinasema uhuru ndiyo kawaida, kufungwa si kawaida.

Sasa tunafika kwa lile jambo la haya.

Mwezi wa tano mwaka huu, ndugu yetu mumoja alikamatwa akigawa karatasi za kuomba maji ndani ya kartye. Tunaandika barua kila mara, kama kifungu cha 26 kinavyoomba: unajulisha wakubwa kwa maandishi, hauombi ruhusa. Wakamuchukua hata hivyo. Ilikuwa siku ya ine, saa ine ya asubui. Akatiwa kasho moja ya muji huu, hatutaji wapi. Sisi tukafanya yale tuliyojifunza. Tuliandika saa. Tulipeleka chakula. Tulipata avoka. Tulijaza simu za watu na picha yake. Siku ya posho, saa ine ya asubui kamili, tulikuwa vijana makumi tatu mbele ya ule mulango, kila mutu na kifungu cha 18 kimeandikwa kwa karatasi, tukiomba kwa utaratibu. Saa saba akatoka. Tukaimba mupaka nyumbani. Tukanunua soda. Tukajipongeza.

Usiku ule ndugu yetu hakulala. Akatuambia kama ndani alikuwa na kijana, labda wa miaka 17, amevimba sikio na jicho. Watu wa kartye walikuwa wamemukamata, wakasema aliiba simu, wakamupiga. Matairi yalikuwa yamekwisha kuletwa wakati polisi walifika. Kwa hiyo, tuseme ukweli, polisi walimuokoa. Lakini walimutia ndani wakamusahau. Alikuwa pale siku kumi na moja. Mama yake iko kijijini, hakujua kitu. Hakuna mutu alimuletea chakula, alikula kwa sahani ya ndugu yetu. Na siku ya posho, waliposikia sauti zetu inje, yule kijana akamuuliza: "Na miye, kuko mwenye kunihesabia?"

Tulikuwa makumi tatu pale mulangoni. Hakuna hata mumoja wetu aliuliza: ndani kuko nani mwingine?

Siku ya kwanza asubui tulirudi. Tukauliza. Hakuwa. Katika kitabu cha mulangoni jina lake halikuwa, wala la kuingia wala la kutoka. Mumoja alituambia alipelekwa parke. Parke wakatuambia hawamujui. Wa tatu akasema alirudishwa kwao. Mupaka leo tunatafuta. Jina lake tunalo, lakini hatulisemi hapa kwa usalama wake, kama iko muzima.

Wandugu, hivyo ndivyo udikteta unaanza. Hatukuwa na Mobutu pale. Kulikuwa watu wa kartye waliochoka na wizi, polisi asiyelipwa vizuri, kitabu kisichoandikwa, na makundi ya vijana wazuri wanaopigania mutu wao tu. Kila mutu alikuwa na sababu yake.

Tunasikia munavyonongona. Mama mumoja alituambia wazi wiki iliyopita: "Ule ni mwizi. Munataka tumupigie magoti? Banamukamata leo, kesho anarudi, anatuchekea mbele ya mulango." Mama, ulisema kweli. Mwizi anarudi. Lakini tuangalie vizuri ni mwizi gani anarudi kesho yake. Ni yule mwenye ndugu ndani, ao mwenye pesa ya kutoka. Kasho isiyo na masaa ni soko: mwenye pesa anatoka siku ya kwanza, hata kama aliua, asiye na pesa anabaki siku kumi na moja, hata kama hakugusa kitu. Masaa 48 yakiheshimiwa, yule mwizi wa kweli anafika mbele ya musimamizi wa sheria, na dosye yake inaandikwa. Ile sheria inamubana mwizi tajiri kuliko inavyomusaidia. Tairi haiulizi dosye. Leo inachoma mwizi, kesho inachoma mutu anayefanana naye, kesho kutwa mutu mwenye deni na jirani yake.

Na tusijidanganye kama haki hizi zinaweza kukatwa vipande, sisi tubakie na chetu. Jirani zetu wa Kaskazini walionja. Eta de sieje ilipoingia, watu wengi walipiga makofi, hata huku Bukavu, kwa sababu tulitaka wanaoua watu Beni na Ituri wakomeshwe. Mahakama za kijeshi zikapewa kazi ya kuhukumu raia. Tarehe 1 Aprili 2022, mahakama ya kijeshi pale Beni ilihukumu vijana wa LUCHA mwaka mumoja wa gereza kila mutu. Walikuwa wamekamatwa Novemba 2021 wakiandamana kupinga ile ile eta de sieje. Mulango uliofunguliwa kwa ajili ya muuaji, aliyepita ndani yake alikuwa kijana mwenye bango.

Muji huu unajua bei ya kusema kwa ajili ya mwingine. Mwezi uliopita, tarehe 29 Oktoba, ilikuwa miaka 28 tangu Monsenyeri Munzihirwa auawe hapa Bukavu. Alikuwa amesimama upande wa raia wa hapa, na alikuwa amesimama pia upande wa wakimbizi wa Rwanda, wakati watu wengi hawakutaka kuwasikia. Siku tatu zilizopita, tarehe 21, ilikuwa miaka 16 tangu Didace Namujimbo apigwe risasi, muandishi wa Radio Okapi. Mwaka mumoja mbele yake, Juni 2007, walikuwa wameua mwenzake Serge Maheshe. Hawa watu hawakuuliza kwanza kama yule wanayemusemea ni wa kundi lao.

Basi tufanye nini? Tumechoka na mikutano inayoisha na makofi. Tunaleta pendekezo moja dogo. Tunaliita Daftari ya Masaa.

Kila kartye watafutwe watu wawili, kijana mumoja na mama ao baba mumoja anayeheshimiwa. Wanapata daftari ya kawaida, ile ya wanafunzi. Mutu akikamatwa ndani ya kartye, wanaandika: jina, siku, saa, nani alimukamata, alipelekwa wapi, jamaa yake ni nani. Hawaandiki kama alifanya ao hakufanya. Hiyo si kazi yao. Kisha wanatafuta jamaa na kumuambia. Masaa 24 yakifika, wanaenda wawili kwa mulango, wanauliza kwa heshima. Masaa 48 yakifika, wanaenda tena, na sisi tunaenda nao, na avoka tuliozungumza nao wamekubali kupokea simu.

Kuko masharti mane. La kwanza: hakuna kutoa pesa. Ukilipa mara moja, umeweka bei kwa mutu wa kesho. La pili: hakuna kutukana polisi. Yeye pia iko na kifungu chake, cha 28, kinachosema hakuna mutu analazimishwa kufuata amri iliyo wazi kama ni ya kuvunja sheria. Tumukumbushe kwa sauti ya ndugu. La tatu: majina ya ndani ya daftari hayaingii WhatsApp bila jamaa kukubali. La ine, na hili ndilo zito: tunaandika kila mutu. Mwizi wa simu, tunaandika. Kijana wa chama cha utawala anayetutukana kila siku kwa Facebook, tunaandika. Mutu anayesema Kinyarwanda ambaye kartye nzima inamushuku, tunaandika. Hata polisi mwenyewe, kesho akikamatwa na wakubwa wake, tunaandika.

Tunajua sharti hilo litatufanya tupoteze marafiki. Tayari ndugu wawili wametoka ndani ya kundi juu yake. Walisema: munachafua jina letu na wezi. Tuliwasikia, tulibishana nao usiku mbili, na hatuwachukii. Lakini tukiondoa ile ya ine, daftari inakuwa ya kundi letu, na sisi tunakuwa MPR ndogo yenye nguo za kisasa.

Juu ya katiba, tunasema hivi. Tutaandika kwa wabunge waliochaguliwa hapa Bukavu, tuwaulize swali moja tu: kifungu cha 219 na kifungu cha 220, sehemu zake zote, mutazilinda, ndiyo ao hapana? Majibu tutayatangaza, na atakayenyamaza tutatangaza kama alinyamaza. Musisahau kama Januari 2011 Bunge na Seneti walikaa pamoja wakabadilisha vifungu nane. Tangu pale rais anachaguliwa kwa duru moja, na hakuna mutu aliuliza wazazi wetu. Na tutaomba serikali itimize kifungu cha 142, kinachotaka sheria zifikishwe kwa watu kwa Kifaransa na kwa luga zetu ine za taifa, ndani ya siku 60. Wanasema hakuna mutu anayeruhusiwa kutojua sheria. Basi watuletee kwa Kiswahili. Mama anayeuza makala Kadutu anajua kuhesabu mupaka 48. Kitu kinachokosekana ni mutu wa kumuambia kwa nini ahesabu.

Tunamaliza. Kuko watu watakaosema: inchi iko na vita, M23 iko Kivu ya Kaskazini, na ninyi munaenda na madaftari. Ndiyo. Kama siku moja mwenye bunduki mwingine anafika hapa, atakuta watu gani? Atakuta watu waliozoea kutouliza aliye ndani ni nani, ao watu wanaoandika saa? Kifungu cha 64 kinatupa kazi ya kumupinga kila anayechukua utawala kwa nguvu ao kuutumia kinyume cha katiba. Kazi hiyo haijifunzwi siku bunduki inafika.

Pale mezani kuko madaftari 40. Tulichangishana kuyanunua, na mama wawili wa soko la Kadutu walitoa zaidi yetu. Kwa ukurasa wa kwanza wa kila moja tumeandika kifungu cha 18 kwa Kiswahili. Mustari wa kwanza chini yake tumeshajaza sisi wenyewe. Ni yule kijana: siku ya kuingia ya kukisia, saa haijulikani, jamaa hawakuambiwa, siku ya kutoka wazi. Anayechukua daftari anachukua na ule mustari. Akisikia kitu kokote, Kabare, Walungu, Kalehe, atuambie.

Anayetaka, akaribie mezani.